Misumari Mdomoni

Siku walipoanza kumgawa, fundi Misumari alikuwa mzima wa afya. Alikuwa amekaa juu ya kigoda chake karakanani, misumari midogo imejaa mdomoni, mikono inavuta kitambaa cha kochi la watu. Kaka yake mkubwa aliingia, akasimama nyuma yake kama mtu anayepima kitu kwa macho, kisha akainama na kuokota nyundo iliyokuwa pembeni ya goti la mdogo wake.

"Hii ya baba," kaka alisema, akiigeuzageuza. "Nitaiweka kule kwangu. Vitu kama hivi vikikosa mwenyewe hupotea."

Misumari alimtazama. Alitaka kuuliza, kwani mwenyewe si mimi niliyekaa hapa? Lakini mdomo uliojaa misumari hausemi. Kaka akaiviringisha nyundo kwenye kipande cha gunia, akaipandisha kwenye rafu ya juu, nyuma ya meza yake ya kupokelea wateja. Misumari akachukua nyundo ya kawaida, akaendelea kugonga. Alipiga kidole gumba. Hakulia wala hakutukana, ila moyo ulianza kuchemka kama maji yaliyosahauliwa jikoni.

Ile nyundo haikuwa nyundo tu. Kichwa chake kilikuwa na sumaku. Fundi wa makochi anayefanya kazi kwa njia ya zamani hujaza misumari mdomoni, ulimi ukaugeuza mmoja mmoja, kichwa mbele, na nyundo ikaja mdomoni kuupokea. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga, ulimi unahudumia. Baba yao alifanya hivyo mpaka meno ya mbele yakachakaa, na Misumari akarithi mwendo ule ule. Mafundi wengine siku hizi wanatumia bastola ya pini, taa taa taa, wamemaliza. Yeye hakuitaka.

Watu walisema kazi ndiyo iliyomfanya mkimya. Mkewe alijua kuwa ni kinyume. Mumewe alikuwa na haya tangu utotoni, na kazi ilimpa mahali pa kujifichia. Mteja akiingia, Misumari alionyesha mdomo wake kwa kidole, kama anayesema, samahani, nimejaa, kisha akageuza shingo upande wa kushoto, ilikokuwa meza ya kaka. Kaka ndiye aliyekaribisha, akataja bei, akaapa kuwa kazi itakuwa tayari Ijumaa. Kaka alikuwa mdomo, yeye mikono. Mlangoni paliandikwa kwa rangi nyekundu: NDUGU WAWILI. Mtaani walisemwa kuwa ni kama ulimi na mate.

Sasa ulimi ulikuwa unayafanyia mate mirathi. Na yote yalianzia kwenye karata.

Jumapili iliyotangulia siku ile ya nyundo, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kuwatembelea. Alikuwa binti muuzaji wa duka la dawa, mcheshi, na tangu mwaka uliopita alikuwa amejifunza kusoma karata za taroti, zile za picha za kubashiria, kutoka kwa mpangaji mwenzake. Alizibeba ndani ya kitambaa cha kichwa, zimefungwa kama mtoto mchanga. Kaka naye alikuwepo na mkewe, wamekuja kusalimia, chai iko mezani. Wakaanza utani. Dada mtu akavuta karata, ikatoka mwanamke anamimina maji, wakacheka kuwa bomba la uani litapona. Kaka akajifanya hataki, kisha akavuta, likatoka gurudumu la bahati. Alilishika kama hundi.

"Haya, shemeji," binti akamwambia Misumari. "Na wewe ni zamu yako. Huhitaji kusema neno."

Akavuta. Na kabla haijafunuliwa, machale yalimcheza. Kiganja kilimwasha vile vile kinavyomwasha anapobonyeza kiti cha kochi lililo zuri kwa nje na kuhisi kuwa ndani fremu imeoza. Akageuza uso akatazama dirishani.

Binti alifunua. Mifupa mitupu imevaa mavazi ya vita, imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi. Chini ya kwato mfalme amelala chali.

"Kifo," binti alisoma. "Sasa hii maana yake—"

Hakumaliza. Mke wa kaka alikuwa ameshainuka, kikombe kimemwagika, mkoba uko kwapani. Kaka alisema, "Mungu apishe mbali," akamshika mdogo wake bega na kulibinya, kama anayelikagua. "Subirini basi, sivyo mnavyofikiri," binti alisema, lakini mke wa kaka alikuwa tayari uani na simu sikioni, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulijua kuwa Misumari ana siku chache.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na haikuwa na mlango wa kutokea. Mtu mwenye maneno akikasirika hupiga kelele, akalala. Misumari hasira yake ilizunguka ndani kama nzi kwenye chupa.

Kinyozi wa jirani alimwita kutoka mlangoni. "Misumari, njoo nikunyoe bure. Nisije nikajutia baadaye."

Misumari akatikisa kichwa.

"Hutaki? Basi niachie urithi hicho kigoda. Makalio yangu na yako yanalingana."

Kinyozi alikuwa mtani wake wa siku zote, na utani wake haukuuma. Kilichouma ni upole wa wengine. Wanawake walimsimamisha mkewe barabarani na kumwambia ajikaze. Mteja mmoja alikuja kuchukua viti vyake vikiwa havijaisha, nyuzi zinaning'inia. "Nimeona nivichukue tu kabla..." akasema, akameza mate. "Kabla mvua haijaanza." Jua lilikuwa linapasua mawe.

Mke wa kaka naye akaja mpaka nyumbani. "Wifi yangu," alimwambia mke wa Misumari, "lile koti la shemeji, lile la kahawia, naona lingemtosha mwanangu."

"Litamtosha kabisa," mke wa Misumari alijibu. "Na mwenye koti nimkunje nikuwekee humo humo, au utamfuata siku nyingine?"

Jioni ile mkewe alimsimulia huku akikata mkate kwa nguvu hadi kisu kikakwaruza meza. "Wanakugawa, baba watoto. Wanakugawa na wewe unatafuna kimya. Siku moja watakukalia hapo hapo ulipo, wakidhani ni kiti kitupu."

"Nitasema naye," Misumari alijibu.

"Lini?"

Misumari aliokota makombo ya mkate mezani. Alijua na mkewe alijua kuwa hatasema.

Baada ya nyundo, ulipandishwa rafuni mkasi mkubwa. Kisha asubuhi moja alipofika karakanani alikuta ngazi imeegeshwa mlangoni, na mchora mabango yuko juu yake, mtu mgeni asiye wa mtaa ule, anafuta maneno NDUGU WAWILI kwa tambara lenye mafuta ya taa. Neno WAWILI lilikuwa limebaki herufi mbili. Pembeni, kwa chaki, alikuwa ameshapanga maneno mapya: KAKA NA WANAWE.

Misumari alisimama chini ya ngazi. Mchora mabango akamwona, akamwonea huruma kwa jinsi alivyoduwaa.

"Pole, mzee," alisema kutoka juu. "Inaonekana ulikuwa unamfahamu marehemu."

Misumari alifungua mdomo. Safari hii haukuwa na hata msumari mmoja, na bado hakuna kilichotoka.

"Mwenye duka ananiambia alikuwa fundi kweli kweli," mchora mabango aliendelea, akisugua. "Ila eti hakuwa msemaji. Ndivyo walivyo wazuri, hawakai."

Mtu mwingine angeiangusha ngazi ile. Misumari aligeuka akaondoka, shingo imemvimba, masikio yanawaka. Ungedhani anakwenda kwa kaka. Kaka alikuwa hatua chache tu, nyuma ya meza yake, anapiga soga kwenye simu. Lakini Misumari, ambaye hakuwahi kumwinulia kaka sauti tangu wakiwa wanagombania kiatu cha baba, alipeleka hasira yake mahali pepesi. Alikwenda duka la dawa.

Alipanga foleni nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa. Zamu yake ilipofika, alishika ukingo wa meza ya kioo kwa mikono miwili.

"Nataka uirudishe ile karata," alisema.

Shemeji yake, ndani ya koti jeupe, alimtazama, akamwachia mwenzake kazi, akamtoa nje mpaka kwenye benchi la ukutani.

"Haya, nifokee," alisema. "Nifokee, kwa sababu mimi nimekasirika kuliko wewe. Mtaani kwa dada yangu sasa naitwa mchawi. Na sikusema utakufa. Nilisema neno moja, mkakimbia kama kuku waliorushiwa jiwe."

"Kaka amenifuta mlangoni."

"Amekufuta vipi?"

"Kwa mafuta ya taa."

Binti alisonya. Kisha alitoa karata ile mfukoni mwa koti. Alikuwa anatembea nayo tangu Jumapili, kama mtu anayetembea na barua ya mahakama. Akaiweka gotini.

"Tazama vizuri. Huyu ameshika upanga? Ameshika bendera. Hakimbizi mtu, anapita tu. Aliyeanguka ni mfalme, taji lake lile pale. Mfalme ni kitu kilichotawala muda mrefu, na muda wake umekwisha. Tazama huyu mtoto, anamwangalia wala haogopi. Sasa mtazame huyu msichana."

Misumari alitazama. Msichana alikuwa amepiga magoti, uso ameugeuza pembeni.

"Hataki kuona," shemeji yake alisema. "Na wewe ulifanya hivyo hivyo. Kabla sijaifunua, shemeji. Ulitazama dirishani. Nilikuona."

"Machale yalinicheza."

"Basi hayo ndiyo usomaji wenyewe. Mimi nasoma picha, picha ni karatasi. Karata hii haiui mtu. Inamuuliza mtu, kipi kimekwisha kufa kwako na wewe bado unakivisha nguo? Mimi sijui ni kipi. Hata yenyewe haijui. Kiganja chako kinajua."

Nyuma ya farasi, mbali, palikuwa na minara miwili na jua katikati. Misumari akaligusa kwa ukucha. "Hili linachomoza au linazama?"

"Wengine husema hivi, wengine vile."

"Sasa inasaidia nini," alisema, akainuka kwa ghadhabu, na aliondoka bila kuaga, yeye ambaye huaga hata paka. Njiani alimkasirikia binti, akamkasirikia farasi, akaukasirikia mkono wake uliovuta karata. Lakini chini ya hasira hizo zote palikuwa na nyingine, ya zamani, iliyotulia kama tope chini ya mtungi. Alijua. Alijua hata ni kochi gani.

Lilikuwa kwenye kona ya karakana, kochi la watu watatu la mkunga. Mkunga huyo alikuwa mama mtu mzima aliyestaafu, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, Misumari na kaka yake wakiwemo. Kochi lake lilikuwa limerudi kwa mara ya tatu, linabonyea na kunuka, na kaka alikuwa ameagiza kwa ufupi, "Vuta kitambaa kipya juu. Lisifumuliwe, linachukua muda."

Baba yao alikuwa na sheria moja: kochi huvuliwa kwanza ndipo livishwe. Unalitoa nguo zote mpaka mifupa, unaona kilicho hai na kilichokufa, ndipo unamwambia mwenyewe ukweli. Baada ya baba kuondoka, kaka alianza kuifinya sheria hiyo. Mwanzoni kochi moja, mteja ana haraka. Kisha jingine. Kisha ikawa ndiyo desturi: kipya juu ya kikuukuu, na kikuukuu juu ya uozo. Na kila mara kiganja cha Misumari kilimwasha, na kila mara alijaza misumari mdomoni akagonga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wao walikuwa wameyaficha kwa kitambaa cha maua.

Kesho yake mkunga alikuja kuangalia kochi lake. Mchora mabango alikuwa amerudi, yuko mlangoni anakoleza herufi. Kaka aliruka kutoka kwenye meza yake, mikono miwili mbele.

"Karibu mama yetu, karibu. Tunalivisha leo hii. Utadhani limetoka kiwandani."

Mkunga hakumjibu. Alikuwa anamtazama Misumari kigodani, mashavu yamejaa misumari.

"Wewe si nimeambiwa umekufa?"

Misumari alitikisa kichwa.

"Afadhali. Maana siku uliyozaliwa ulitoka kimya hivyo hivyo, nikadhani tumekupoteza. Ilinibidi nikuchape makofi ndipo ukalia. Nikaribie nikuchape tena?"

Kaka alicheka sana, cheko la kumfurahisha mteja. Misumari hakucheka. Alielekeza shingo kushoto, kama kawaida yake, kwenda kwenye meza ya kaka, na huko akaona rafu, na juu ya rafu kile kifurushi cha gunia. Akainamisha kichwa, akatema misumari yote kiganjani. Ilikuwa ya moto na imelowa.

"Kochi hili limekufa, mama," alisema.

"Msamehe," kaka aliharakisha kusema. "Tangu ile karata, mdogo wangu anaona vifo kila mahali."

Misumari akachukua kisu. Hakukimbilia. Alichoma kitambaa pembeni ya mkono wa kochi, akakivuta, kikachanika kwa sauti ndefu. Chini ya kijani kulikuwa na kahawia. Chini ya kahawia kulikuwa na kile cha maua. Alikata tena, na mahali palipopaswa kuwa na mikanda na gunia pakatokea boksi lililokunjwa, bado lina picha ya sabuni. Akapitisha mkono ndani, akabana ubao wa fremu kwa vidole, ukavunjika kama mkate mkavu. Unga wa wadudu ukamwagika sakafuni, kwenye viatu vya mkunga.

Mkunga alikung'uta kiatu kimoja. Mlangoni brashi ya mchora mabango ilisimama katikati ya herufi.

"Miaka yote hiyo nimekalia sabuni," mkunga alisema taratibu.

Kaka alikuwa amebadilika rangi. "Umeniaibisha mbele ya mteja."

"Nimelivua."

"Nani alikuambia ulivue?"

"Baba."

"Baba amekufa."

"Na mimi si ndivyo ulivyosema?" Misumari alisema, na sauti yake ikapanda, nayo ilikuwa mbaya, yenye kutu, kama bawaba isiyofunguliwa. "Umenifuta nikiwa nakunywa chai na wewe. Umeweka nyundo yangu juu kama ya marehemu. Makochi haya nimeyagonga mimi, kaka, kwa mkono wangu, na nilijua. Nilikuwa najua kila moja. Nilinyamaza ili tubaki wawili. Hatuko wawili. Tumekuwa maiti mmoja amevishwa suti."

Kaka alimsogelea. Hakupiga. Alifanya kibaya zaidi: alicheka kidogo puani.

"Na utakwenda wapi? Eh? Utasema nini na wateja, wewe usiyeweza kuagiza hata chai hotelini? Bila mimi wewe ni nani?"

Hilo ndilo lililomweka Misumari pale miaka yote, na sasa lilikuwa limetajwa, limewekwa mezani uchi. Haya yake ya tangu utotoni ilimpanda usoni.

"Sijui," alisema.

"Hujui."

"Sijui. Lakini hapa pamekwisha."

Akazunguka meza, akapandisha mkono rafuni, akashika kifurushi cha gunia. Kaka akashika upande wa pili. Wakavutana, watu wazima wenye mvi, kama wanavutana kamba ya uwanjani, hakuna aliyetaka kuachia na hakuna aliyetaka kumwangusha mwenziwe.

"Nyote wawili niliwapokea mimi kwa mikono hii," mkunga alisema. "Msinifanye nijute. Wewe mkubwa, achia. Si yako hiyo, hujui hata kuila misumari."

Kaka aliachia. Hakuiachia kwa moyo. Aliiachia kama mtu anayesukuma. Misumari akarudi nyuma hatua mbili, nyundo kifuani. Alipofika mlangoni, mchora mabango alimtazama yeye, akaitazama kazi yake, brashi inadondosha rangi.

"Mzee, kumbe wewe ndiye..."

"Ndiye marehemu," Misumari alisema. "Hujakosea. Malizia."

Mkunga akaagiza wabeba mizigo wamfuate na kochi lake. Likabebwa barabarani limechanika tumbo, matambara yanapepea, na kinyozi akatoka na mkasi mkononi kulitazama likipita. Alifungua mdomo atanie, akaona uso wa jirani yake, akaufunga.

Hayo hayakumponya Misumari hasira. Nani alisema hasira ni homa, ukitoka jasho imeisha? Barazani kwake, wiki iliyofuata, alilivua kochi la mkunga mpaka mifupa, na kila kitambaa alichokivuta alikivuta kama anachuna ngozi ya mtu. Aliutupa ubao uliooza uani, akakata mpya. Mkewe alimwacha. Shemeji yake alipita kumsalimia, hakuja na karata. Kaka alipeleka habari mtaani kuwa mdogo wake amerogwa, akili imeruka. Zilipomfikia, alipiga msumari mmoja kwa nguvu mpaka ukapinda. Kisha akaung'oa, akaunyoosha, akaupiga upya. Mchana, wakati ambao kaka alizoea kuimba vibaya nyimbo za redio, baraza lilikuwa kimya mno, na kimya hicho nacho kilimkasirisha.

Alikuwa anavuta mkanda wa mwisho, misumari imejaa mdomoni, nyundo ya sumaku ikienda na kurudi, alipoona viatu vya kiume vimesimama mbele yake. Mtu asiyemjua, mwanamume wa makamo, ana kiti cha ofisini begani.

"Hodi hapa. Nimeelekezwa na mkunga. Fundi yuko wapi?"

Misumari aliinua kidole kuonyesha mdomo wake. Akageuza shingo kushoto.

Kushoto kulikuwa na ukuta, na ndoo, na kamba ya kuanikia nguo. Mgeni naye akatazama huko, akingoja atokee mtu.

Jasho lilimtoka Misumari kwapani. Polepole akairudisha shingo. Kisha akaweka nyundo chini, akakinga kiganja, akatema misumari mmoja baada ya mwingine mpaka ulimi ukabaki peke yake.

"Ni mimi," alisema, kwa ukali kuliko alivyokusudia, na mgeni akarudi nyuma kidogo. "Kiweke chini. Nikivue kwanza, ndipo tuongee."